Dawa Zilizoyeyuka Milepa

Mtaa wa Izia,
kwa sanduku la parokia,
Sumbawanga.
Jumapili, 21 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Winifrida,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Hujambo huko Masasi? Ule mguu uliokuwa unakuvimba umepona, au bado unausimamia kutwa nzima dukani? Shemeji Dominiko hajambo? Baltazari na Isdori wanaendeleaje na shule? Mara ya mwisho Isdori alikuwa na malaria, nikamweka kwenye nia za rozari ya jumuiya. Ningependa kusikia kwamba amepona na anasumbua watu kama zamani.

Sisi huku tunatembea. Baridi mwaka huu imekuja na hasira. Asubuhi mafuta ya kupikia yanaganda kwenye dumu, mpaka uyasogeze karibu na moto ndipo yakubali kutoka. Mahindi yameshaingia ndani, ulezi vijijini bado unapigwa. Mama nilikwenda kumwona wiki mbili zilizopita. Ana kikohozi, lakini anakula vizuri na bado anagombana na kuku wa jirani kwa majina yao. Aliniuliza kama Masasi ni mbali kuliko Mbeya. Nikamwambia ni mbali sana, mama. Akasema basi yule mtoto aliolewa na safari.

Utashangaa kupata barua ya kalamu wakati simu zipo. Lakini nikikupigia, wewe unaweka sauti kubwa ili watoto wanisalimu, na hili jambo nikilianza nitalia, na sitaki walisikie. Ujumbe nao unatokeza juu ya kioo, na Vitus simu yake ikiisha chaji anachukua yangu. Kwa hiyo nimetoka Misa, nimefunga mlango, nimejitupia shuka la pili mabegani, naandika. Soma ukiwa peke yako. Na ukinijibu, juu ya bahasha andika jina langu tu, usiweke la Vitus. Barua zikifika katibu wa parokia huzigawa mlangoni baada ya Misa, na mara nyingi Vitus ndiye anayenyoosha mkono.

Winifrida, mwezi wa tano nilikuaga kwamba nakwenda Dar es Salaam kutibiwa mgongo. Mgongo wangu ni mzima.

Tulikwenda kutafuta mtoto. Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu iliyopita, ule mwaka niliosema niko kwenye semina ya ushonaji, tulikuwa huko huko, kwenye hospitali moja ya watu wenye shida ya uzazi. Nilichomwa sindano siku nyingi, wakatoa mayai yangu, wakayachanganya na mbegu za Vitus kwenye chombo, vikapatikana viinitete viwili. Kiinitete ndiyo ule mwanzo wenyewe, kabla mtoto hajawa na umbo. Kizazi changu wakati huo kilikuwa na uvimbe, wakasema lazima utolewe kwanza na nipone kabisa. Kwa hiyo viinitete vikagandishwa, vikawekwa kwenye baridi ambayo hata sisi wa Ufipa hatuijui. Miaka mitatu, mdogo wangu. Kila nilipojifunika blanketi niliwafikiria.

Nisamehe kwa kukuficha. Miaka kumi na minane ya ndoa nimeulizwa mengi, nikajifunza kunyamaza, kisha nikanyamaza hata kwa watu wangu wenyewe.

Basi mwezi wa tano tukaitwa. Sikujua kwamba kazi kubwa si kuweka kiinitete, kazi kubwa ni kuandaa mahali. Kwanza vidonge vya kunenepesha ukuta wa kizazi, kila siku wanachungulia kwa mashine. Kisha dawa za kuingiza chini, nyeupe, umbo la risasi, asubuhi, mchana na jioni. Hizo ndizo zenye homoni ya kutunza mimba. Kuna nesi mmoja pale anaitwa Rahel, kwao ni Wasukuma waliohamia bonde la huku na ng'ombe wao, kwa hiyo tulipatana haraka. Aliniambia, "Mama, kitanda kinatandikwa kabla mgeni hajafika. Akifika akakuta kitanda kitupu, hakai."

Pale wote wanaitwa mama. Mama huyu, mama yule, hata wewe usiye na kitu. Nilikuwa nageuka kila mara, Winifrida. Nililipenda jina lile zaidi ya nilivyopaswa.

Siku yenyewe walinipima damu kwanza. Daktari alitaka homoni isipungue kumi, yangu ikasoma kumi na mbili. Akasema vizuri, tunaendelea. Kwenye kioo nikaonyeshwa nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya ulezi, inaingia na kutulia. Vitus alikuwa amesimama kichwani kwangu na kofia yake mkononi kama mtu aliye kanisani. Tulipotoka nje akaninunulia chungwa, akalimenya lote mwenyewe, akanipa kipande kimoja kimoja.

Wakati wa kuondoka nesi Rahel alinifungia dawa za wiki nyingi. Akasema, "Ziweke mahali pa ubaridi. Una friji?" Nikamwambia, "Nesi, kwetu nyumba nzima ni friji." Tukacheka. Akasema basi huna shida. Na kweli, nilipofika hapa niliziweka kwenye sanduku chini ya kitanda, zikakaa ngumu kama mshumaa.

Siku ya sita tangu nipandikizwe, simu ikaja kwamba shangazi yake Vitus, Shangazi Bertilla wa Milepa, amefariki. Unajua yeye ndiye aliyemlea Vitus mama yake alipokufa. Kwa msiba ule mke wa Vitus hawezi kubaki nyumbani. Vitus mwenyewe alikuwa Kabwe, kule ziwani, kuchukua dagaa, nikampigia.

"Usiende," akaniambia. "Sema unaumwa."

"Nikisema naumwa watakuja kunitazama, na watauliza naumwa nini."

Akasema, "Basi kaa kiti cha mbele, na usibebe kitu."

Nilikaa kiti cha mbele cha lori tulilopanda na wanajumuiya. Mkoba wangu, wenye dawa zote, maana kwa hofu yangu sikuacha hata moja nyumbani, ukatupwa nyuma chini ya turubai, kati ya masufuria ya jumuiya. Tulipoteremka bondeni, kwenye joto la Milepa, kila mtu alivua sweta. Mimi nilivua yangu nikafurahia jua. Sikufikiria zaidi ya hapo. Tumezaliwa kwenye baridi, Winifrida, joto kwetu ni sikukuu, hatulijui kama kitu cha kuogopa.

Pale msibani mikoba yote ilirundikwa kwenye chumba kimoja cha bati kisicho na dirisha. Kutwa nzima nilikuwa uani na wanawake wenzangu. Saa ya dawa ya mchana ilipita, sikupata njia ya kuondoka, tulikuwa tunachambua mchele. Wifi yangu Jenifa akaniambia nikachukue ndoo mbili kisimani. Nikasema mgongo unanisumbua, ndiyo kwanza nimetoka kutibiwa. Akacheka, akawaambia wenzake, "Mgongo wa nini? Mtoto hata mmoja hajawahi kuubebea." Wakacheka. Na mimi nikacheka, ili mambo yapite.

Jioni nilichukua mkoba nikaingia nao kwenye bafu la majani kama nakwenda kuoga. Nikaminya dawa ya kwanza, ikawa laini ndani ya karatasi yake. Nilipoichana ikanitiririkia vidoleni kama samli. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikajaribu kuiokoa, nikaingiza nilichoweza, kingine kikanishuka mguuni. Nikaosha, nikazika karatasi kwenye mchanga kwa kidole. Nje Jenifa anaita, "Wifi, umeingia kuoga au kuhamia?"

Tulilala kwenye mikeka chumba kimoja. Wenye watoto wakapewa ukutani, Jenifa akasema wengine hata mlangoni panatosha. Nililala mlangoni siku tatu. Kila jioni bafuni ilikuwa vile vile.

Vitus alifika siku ya maziko, akakaa upande wa wanaume. Tulipokutana kwenye foleni ya kunawa mikono akaniuliza kwa chini, bila kunitazama, "Dawa unazo?"

"Ninazo."

"Unatumia?"

"Natumia."

Wala haukuwa uongo mtupu. Ndiyo maana uliteleza vizuri.

Tukapanda kurudi juu. Kesho yake asubuhi nikafungua mkoba, dawa zilizobaki zote zilikuwa zimeganda tena. Zimekaa upande, nyingine kama ulimi, nyingine zimeshikamana na karatasi, lakini ngumu. Nikapiga magoti kushukuru. Nilijiambia zimepona. Sisi tunajua mafuta. Yakiyeyuka yanaganda, yakiganda ni mafuta yale yale, unakaangia maandazi kama jana. Ni nani angeniambia kwamba dawa si hivyo? Nikaendelea kutumia zile zile, saa kwa saa, bila kukosa hata moja, na kila moja nikisindikiza kwa Salamu Maria.

Siku ya kumi na tatu nilitolewa damu hapa mjini, ikapelekwa Mbeya kupimwa. Majibu yakaenda kwa daktari Dar. Akatupigia sisi wawili, Vitus akaiweka simu mezani, juu ya kitambaa nilichokuwa nashona. Daktari akasema homoni ya mimba imeonekana. Vitus akanishika bega. Daktari akasema ni kidogo sana, turudie baada ya siku mbili. Tukarudia, ikawa imeshuka zaidi ya nusu. Na ile homoni ya kutunza, iliyokuwa kumi na mbili, imebaki nne.

Kwa hiyo alikuwepo, Winifrida. Alifika. Alikaa siku kadhaa ambazo mimi nilikuwa nachambua mchele.

Daktari akauliza, kwa upole tu, "Mama Rozina, dawa ulitumia zote? Kwa utaratibu?"

Vitus alikuwa ananitazama mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, Daktari, zote."

Akasema kama ni hivyo, basi huenda mwili wangu hauipokei dawa hiyo vizuri, na umri nao unakwenda, na hicho kiinitete kimoja kilichobaki tukitafakari kwa makini kabla ya kunitesa tena. Yeye alisema tutafakari. Vitus alisikia tuache.

Alitoka nje akaenda kusimama kwenye mahindi yaliyokauka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniuliza kama nataka chai, akapika mwenyewe, akasahau sukari. Tukainywa hivyo hivyo.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo lenyewe. Imekuja fomu kutoka hospitali. Inauliza kama tunataka kiinitete kilichobaki kiendelee kutunzwa, au kiachwe. Lazima saini mbili, yake na yangu, na ifike kabla mwezi wa nane haujaisha. Vitus ameshaweka saini penye kuachwa. Aliniambia, "Rozina, nimechoka kukuona unachomwa. Mimi nilikuoa wewe, sikuoa watoto." Unaona mume niliyenaye? Angekuwa mkali ningeweza kumwambia. Fomu iko chini ya kitabu cha sala, na nafasi ya jina langu ni nyeupe.

Nikisaini, nitakuwa nimelimaliza jambo hili kwa uongo wangu. Nisiposaini, ataniuliza kwa nini, na jibu ni Milepa. Atakumbuka aliniambia nisiende. Atakumbuka aliniuliza kwenye foleni ya kunawa mikono. Na Jenifa ni dada yake wa tumbo moja, nikimtaja kwa yale maneno nitakuwa nimetia moto nyumba ya msiba.

Hakuna wa kumwambia. Vitus anakwenda Kabwe, anakaa wiki, anarudi siku mbili. Mimi niko na cherehani. Mwezi huu nashona magauni ya komunyo ya kwanza, watoto wanakuja kupimwa na mama zao, wanasimama juu ya kiti na mikono wameinyoosha, nazunguka na futi yangu. Wakishaondoka nyumba inakuwa na sauti ya saa tu. Niliitoa betri juzi. Ikawa kimya kibaya zaidi, nikairudisha.

Kanisani naenda, lakini naketi nyuma. Ninajua Kanisa linasema nini kuhusu watoto wa namna hii. Tulifundishwa kwenye semina ya wanandoa na nilikuwa mmoja wa walioitikia kwa kichwa. Sitaki kubishana. Tangu mwezi wa tano sijapokea komunyo, na kitubio sijaenda, kwa sababu sijui nitubu lipi, la kumtafuta au la kumpoteza. Wenzangu wakipanga mstari mimi natafuta kitu kwenye mkoba. Mwenyekiti wetu wa akina mama aliniuliza, "Rozina, siku hizi mkoba wako una nini kisichopatikana?" Alitania. Lakini aliona.

Na kuna kitu kinanirudia kila ninaposhika rozari. Wanasema ni uhai tangu mwanzo. Naam, ninaamini. Basi kama ni hivyo, yule mmoja aliyebaki kule Dar ni mtu, na yuko peke yake kwenye baridi, na mama yake ameficha fomu chini ya kitabu cha sala. Sina elimu ya kulijibu hilo. Nina darasa la saba na cherehani.

Karatasi imeisha na mkono umekufa ganzi. Naiacha hapa.

Jumatano, 24 Julai

Mdogo wangu, sikuituma. Nilikuwa nimeikunja tayari, nikaisoma tena, nikaona nimekubebesha mzigo nisioweza kuubeba mwenyewe. Nimekueleza wewe uliye Masasi, na waliopaswa kujua ni wawili, daktari na Vitus. Jana asubuhi nikampigia nesi Rahel. Nilichagua asubuhi ili nisijipe siku nzima ya kuogopa.

Nilimweleza yote, turubai, chumba cha bati, bafu, mafuta.

"Nesi, upo?"

"Nipo, mama. Sasa mbona ulimwambia daktari umetumia zote?"

"Kwa sababu nilizitumia."

Akaguna. "Wewe ni Mfipa kweli. Dawa imekuwa maji, imekuwa jiwe, umeitumia tu, usitupe kitu."

Nilicheka na machozi yakatoka hapo hapo. Akanieleza pole pole. Dawa ikiyeyuka, mafuta yanaweza kurudi yakaganda, lakini homoni iliyomo haijulikani tena imekaa wapi, moja inaweza kuwa nayo nyingi na nyingine isiwe nayo kabisa. Nilipaswa kupiga simu siku ile ile, wangenitafutia nyingine au sindano. Kisha akasema neno ninalokuandikia kama alivyolisema, maana nimelirudia mara nyingi tangu jana. "Lakini usiniambie wewe ndiye uliyemuua. Wapo waliotumia dawa vizuri kabisa, homoni ikakaa ishirini, na mimba haikukaa. Na wapo walioshuka tukawaongezea sindano ikakaa. Hilo la kwako hatutalijua. Tunachojua ni kwamba daktari amekuhukumu kwa habari isiyo kamili."

Akasema atampa daktari habari. Mchana daktari akanipigia mwenyewe. Hakunigombeza, na ingekuwa rahisi kwangu kama angenigombeza. Akasema ile nne haimwambii tena lolote kuhusu mwili wangu. Kama tutaamua kujaribu, safari hii nitachomwa sindano pamoja na zile dawa, na watapima damu kabla ya kukitoa kiinitete kwenye baridi. Homoni isipofika wanapotaka, hawatakigusa, watasubiri mzunguko mwingine. Na itabidi nikae Dar hadi majibu yatoke, nisisafiri. Nikamuuliza, je, itakaa? Akasema kwa umri wa mayai yale na kwa kiinitete kimoja, wanaopata ni wachache kuliko wanaokosa, na asingependa kunidanganya. Nikamshukuru kwa hilo. Tumedanganyana vya kutosha.

Amebaki Vitus. Kwenye simu siwezi, Kabwe mtandao unakuja na kuondoka, nisije nikasema nusu halafu ukakatika. Anarudi Jumamosi. Nitampikia ugali wa ulezi na dagaa wake mwenyewe, nitasubiri amalize kula, maana mtu mwenye njaa humwambii kitu, kisha nitaitoa fomu niiweke mezani na nimwambie. Ya Jenifa sitasema. Nitasema nilikuwa na haya, na hiyo ndiyo kweli. Alinichoma moyoni yule, lakini hakujua alichokuwa anakigusa, na mimi ndiye ambaye sikumwambia.

Sijui atafanya nini. Huenda akasema hata hivyo tuache. Akisema hivyo huku anajua kila kitu, nitasaini, na nitalia, lakini nitakuwa nimesaini kitu cha kweli. Akisema tujaribu, basi nina ombi. Yeye hawezi kuacha biashara wiki tatu nzima, na kule Dar nilikaa kwenye chumba cha kupanga, siku nyingine sikuzungumza na mtu isipokuwa nesi. Sitaki kusubiri majibu tena nikiwa peke yangu na ukuta. Je, unaweza kuja kutoka Masasi ukae nami hata siku tano? Hutafanya kitu. Utakuwepo tu chumbani, ukinisimulia Isdori amevunja nini.

Na kama hutaweza, kwa duka au kwa mguu, usione vibaya kunikatalia. Wala usinijibu kwa sababu unanihurumia. Niambie pia kama umekasirika kwamba nilikuficha miaka yote hiyo. Una haki. Mimi ningekasirika.

Nisalimie Dominiko, mwambie shati alilonipa kipimo chake liko tayari, nasubiri mtu wa kuja huko. Nisalimie Baltazari, na Isdori umbusu kwenye paji la uso hata akikataa. Mama anawasalimu wote, na kuku pia. Bikira Maria awafunike, na Mwenyezi Mungu awape ninyi huko usingizi mzuri, maana ndicho kitu ninachokiombea siku hizi kuliko vyote.

Mwanzoni nilikuambia juu ya bahasha uandike jina langu peke yake. Nimeandika kwa wino, siwezi kufuta, lakini usilifuate. Andika Vitus na Rozina. Barua hii naipeleka posta kesho asubuhi, siku mbili kabla hajarudi, ili nikitaka kurudi nyuma Jumamosi nikumbuke kwamba imeshaondoka, na kwamba jibu lako litafikia mkononi mwake.

Kwa hiyo nijibu mapema, Winifrida. Hata kama ni mistari miwili.

Ni mimi dada yako nikupendaye,

Rozina